Viatu Visivyoagizwa na Mtu

Kazini walimwita Kiungo, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Alilipata uwanjani, enzi akiwa kijana mwembamba wa kucheza katikati: mpira ukitoka kwa mabeki unafika kwake, ukitoka kwake unafika kwa washambuliaji, na yeye mwenyewe hafungi goli hata moja la dawa. Miaka ikapita, goti likagoma, kitambi kikaanza kuchungulia, lakini kazi ikabaki ile ile. Sasa alikuwa fundi wa kompyuta katika kituo kinachotengeneza viatu vya watu ambao miguu yao haipatani na viatu vya dukani, na kutwa nzima aliunganisha programu ambazo, zikiachwa zenyewe, zisingepeana hata salamu.

Mfumo wa kituo ulijengwa kwa moduli, yaani vipande vya programu vinavyojitegemea, na wazo hilo si baya. Mapokezi wana moduli yao, wapimaji yao, ghala la ngozi lina yake, karakana yake, miadi na ujumbe wa simu vivyo hivyo. Ukitaka kubadilisha moja, huigusi nyingine. Kasoro yake ni ile ya wapangaji wa nyumba moja wasiojuana. Kila mmoja ana mlango wake na sufuria yake, na mmoja akiugua, jirani yake anazipata habari sokoni. Mapokezi wakimwandikisha mtu, karakana haina habari. Karakana ikimaliza kiatu, mapokezi hawajui. Aliyekuwa akiwajulisha ni tarishi mmoja mwenye mafaili kwapani, na alipostaafu, viatu vilianza kukaa rafuni vimekwisha huku wenyewe wako nyumbani wanavisubiri.

Ndipo ikaletwa injini ya taratibu za kazi. Usifikirie chuma na moshi. Ni programu tu, na kazi yake ni moja: kuijua njia. Unaichorea safari nzima ya kiatu tangu vipimo, kisha ngozi, kisha karakana, kisha miadi, mpaka mwenye mguu aseme ameridhika. Na asiporidhika, kazi irudi kwenye hatua inayostahili. Ukishaichorea, injini inaichukua kila kazi na kuipeleka mlango hadi mlango. Inapiga hodi karakana, inakabidhi, na karakana ikisema subiri, inasubiri.

Hapo kwenye kusubiri ndipo Kiungo alipoivulia kofia. Haikusubiri kama tusubirivyo sisi, kwa kuguna na kuchungulia saa. Iliilaza kazi ile kwenye kumbukumbu yake, ikaendelea na nyingine chungu nzima, na siku jibu likija, hata baada ya mwaka, iliiamsha pale pale ilipoilaza, haijasahau hata nukta. Alikuwa mtu mzima, amesoma vitabu vya mambo hayo, anajua hakuna uchawi humo ndani. Bado kila alipoiona ikifanya hivyo mwili ulimsisimka.

Kuiunganisha na moduli zile kulimtoa jasho msimu mzima. Kila moduli ilimjia na ukaidi wake. Ya ghala ilijibu maswali kwa mafumbo, ya miadi iliona tarehe kinyumenyume, lakini mshindi wa ukaidi alikuwa moduli ya vipimo. Ili kuijaribu injini, Kiungo alihitaji mteja wa uongo. Jina alilitunga, likapita. Vipimo alivitunga, vikatemwa. Moduli hiyo ilikuwa na akili zake: urefu wa wayo, unene wa kifundo, kimo cha kisigino, vyote sharti vipatane kama vinavyopatana katika mguu wa kweli. Akatunga vingine, vikatemwa. Mwisho, kwa uchovu uliochanganyika na uvivu, akaandika vipimo pekee alivyovijua kwa kichwa. Vilikuwa vya mguu wa dada yake.

Moduli ikavimeza bila kutafuna. Ikadai namba ya simu. Yake ilikwisha kutumika kwenye majaribio mengine na mfumo haukubali namba mara mbili, akaandika ya dada yake. Aliona kuna ubaya gani? Moduli zile zilikuwa nakala za majaribio tu. Ujumbe uliotumwa kule haukufika popote, na kazi iliyopelekwa karakana ya kule haikuona fundi.

Ubaya ulikuwepo, na ili uuone lazima umjue huyo dada. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye maneno machache na mkasi mkali. Alizaliwa na mguu wa kulia mfupi, wayo umejikunja kwa ndani, na kutembea akatembea. Alipokuwa msichana walimpeleka kliniki moja apimwe. Mpimaji aliutazama mguu, akatoka nje, akarudi na wenzake waje kuona. Mmoja alikuja na kikombe cha chai mkononi, akawa anakunywa huku anatazama. Tangu siku hiyo hakuna mtu baki aliyeugusa mguu ule wala kuuona. Alijishonea buti la kitambaa kizito, akalijaza matambara, na soli alikatiwa na fundi wa mtaani ambaye hata siku moja hakukutana na mwenye buti. Aliyepeleka kielelezo cha karatasi, vipimo vyote vimeandikwa pembeni, ni Kiungo, tangu akiwa na meno ya utotoni. Ndiyo maana alivijua vipimo vile kama anavyojua njia ya kwao.

Walikuwa chanda na pete, hao wawili. Kusoma alifundishwa na dada huyo, akiwa amekaa chini ya meza ya cherehani akiokota pini. Alipopata kazi kituoni, dada alimpikia, akamtazama akila, kisha akasema, "Nakuomba kitu kimoja tu. Huu mguu wangu usije ukafika huko kazini kwako."

"Haufiki, dada."

"Niahidi."

Akaahidi. Na ahadi kwa mwanamke yule haikuwa mzaha. Shangazi yao mmoja aliwahi kumtania kwa mguu wake mbele za watu, na shangazi huyo aliingia kaburini hajasemeshwa tena. Akishafunga mlango, hakuwa na ufunguo wa kuufungulia.

Basi siku ya kuionyesha injini, mwenzake Kiungo wa meza ya dirishani, mwanamke wa kicheko kikubwa na ulimi mkubwa zaidi, akamwambia, "Haya, mzee wa kusifia. Ikizimiwa umeme je?"

Ile kazi ya mteja wa uongo ilikuwa imelala mlangoni mwa karakana ya majaribio. Kiungo akainama, akachomoa waya ukutani, skrini ikawa giza. Akauchomeka tena, mashine ikajikohoza, ikaamka, na kazi ile ikaonekana imelala pale pale, kama mtoto ambaye nyumba nzima imehamishwa naye hana habari.

"Hii kitu inanitisha," akasema mwenzake, safari hii bila kicheko.

Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama nyuma yao. Aliona, akafurahi kupita kiasi, na wakubwa wakifurahi kupita kiasi wadogo huumia. Akataka iwashwe rasmi hiyo hiyo siku. Haraka haraka haina baraka, lakini nani atamwambia mkuu. Kiungo akafuta kazi za majaribio zilizokuwa zikitembea, kisha kwa amri moja akabadilisha anwani za moduli zote, kutoka za majaribio kwenda za kweli. Watu wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai.

Majuma yaliyofuata yalikuwa ya ajabu kwake. Alikuwa akishuka mapokezi bila sababu, anasimama pembeni, anatazama. Mama anaandikishwa huku ghala limekwisha kujua ngozi gani itatakiwa. Kijana anaitwa kwa simu siku ile ile kiatu chake kinapotoka kwenye gundi. Hakuna aliyekimbia na faili, hakuna aliyepaza sauti. Kiungo alijiona kama mtu aliyechepusha mto ukapita shambani kwake, halafu usiku wa manane akashangaa kwamba maji bado yanapita wakati yeye amelala.

Asubuhi moja simu ikalia. Dada.

"Nimeletewa ujumbe," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na Kiungo aliiogopa sauti tulivu. "Unasema, viatu vyako viko tayari kujaribiwa, karibu kituoni. Kituo chenu. Nani kawapa namba yangu?"

"Nipe mpaka jioni, dada. Nitakuja nikueleze."

"Njoo," akasema, akakata.

Akaifungua injini, akatafuta, akaiona. Alikuwa amefuta kazi zilizo macho; iliyolala hakuikumbuka, kwa kuwa orodha aliyoitazama haikuonyesha zilizolala. Injini haikusahau. Ilipopewa anwani mpya iliichukua ile kazi mahali ilipokuwa, ikatembea nayo hadi mlango wa karakana, ikapiga hodi. Safari hii ilikuwa karakana ya kweli, na ndani yake mlikuwa na watu. Kiungo alishika kichwa. Alitaka kulia, na papo hapo, Mungu amsamehe, alitaka kumwita mwenzake aje aone.

Akashuka karakana. Mafundi wa pale hawaonyeshwi majina ya wateja. Skrini yao ina namba ya kazi na vipimo, basi. Fundi mkuu alikuwa mwanamke wa makamo waliyemwita Bi Gundi, mwenye vidole vyeusi na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Ile kazi yenye kisigino kirefu cha kulia," Kiungo alisema, "iko wapi?"

"Ah, hiyo," Bi Gundi akacheka. "Hiyo imetutoa kamasi. Tumegombana hapa kwa ajili yake, wengine wanasema vipimo hivi haviwezekani, mimi nasema mguu huu upo, nauona." Akanyoosha mkono rafuni. "Hivyo hapo."

Vilikuwa viatu vya ngozi ya kahawia, vya kufunga kamba. Cha kushoto kilikuwa kiatu cha kawaida. Cha kulia kilipandishwa soli taratibu mno hata jicho halikuona kinapoanzia kupanda, na ubavuni kilipinda kwa ndani, kikiufuata wayo ambao hakuna fundi hata mmoja mle ndani aliyewahi kuuona. Kiungo alikitambua. Alikuwa akiutazama mguu wa dada yake, umetokea kwenye namba alizoziandika kwa uvivu, umepita milango yote ile, umekaa juu ya rafu. Aliweka mkono juu ya kiatu hicho.

"Vipi?" Bi Gundi akauliza. "Kuna kosa?"

"Kosa lipo," akasema. "Lakini si lenu."

Jioni alimkuta dada yake kwenye cherehani. Hakumkaribisha wala hakumfukuza. Kiungo akakaa kwenye kigoda, akaeleza yote: mteja wa uongo, moduli iliyotema vipimo, uvivu wake, waya alioutoa ukutani, kazi iliyolala. Hakujitetea. Cherehani iliendelea kwenda, ikafika mwisho wa mshono, ikanyamaza.

"Uliahidi," dada alisema.

"Niliahidi."

"Na ukauandika mguu wangu huko."

"Niliuandika, dada."

Dada akakata uzi kwa meno. Akaikunja nguo, akaikunjua, akaikunja tena. Kiungo alisubiri kusikia mlango ukifungwa, na aliona kwamba miaka yake yote iliyobaki ingekuwa mirefu sana bila sauti ya mtu huyu.

"Hao walioshona," dada akasema baadaye, "walijua ni wa nani?"

"Hawakujua. Hata jina hawakuwa nalo."

"Nani aliwaambia watengeneze?"

"Hakuna mtu. Injini ilibisha hodi, wakafungua."

"Kwa hiyo hakuna aliyenitazama akanihurumia."

"Hakuna, dada. Waliona namba tu. Wakagombana nazo."

"Waligombana?"

"Wengine walisema haiwezekani. Fundi mkuu akasema upo, anauona."

Dada alitazama pembeni, kwenye ukuta usio na kitu. Halafu akasema, kwa sauti ambayo Kiungo hakuwahi kuisikia kwake, "Watu wasionijua wameukalia mguu wangu vikao." Na akaukanyaga tena ubao wa cherehani, ishara kwamba mgeni anaweza kwenda.

Alikuja kituoni kabla juma halijaisha, bila taarifa, amevaa gauni lake la heshima na buti lake la kitambaa. Kiungo aliitwa na mapokezi, akakimbia. Dada hakumsalimia. "Nimekuja kutazama mshono," alisema, na kwa fundi cherehani hiyo ilikuwa sababu tosha.

Pale karakana wana desturi yao. Mteja huvaa mwenyewe nyuma ya pazia, halafu hutembea, na fundi hukitazama kiatu kinavyokanyaga. Mguu wenyewe hautazami mpaka mwenyewe atake. Bi Gundi aliviweka viatu juu ya meza, akarudi nyuma. Dada akakichukua cha kulia, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu ya mshono wa ubavuni.

"Hapa nani kashona?"

"Mimi," Bi Gundi akasema.

"Umefumua ukarudia."

"Mara ya kwanza haikunipendeza."

Dada akaguna. Kwa wanaomjua, mguno ule ulikuwa sifa nzito. Akavichukua viatu, akaenda nyuma ya pazia.

Kiungo alikaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Tangu azaliwe aliijua hatua ya dada yake gizani: moja nzito, moja nyepesi inayoburuta kidogo. Ndiyo iliyomwambia chakula kinakuja, ndiyo iliyomwambia aache utundu. Sasa akasikia mtu anatembea nyuma ya pazia, hatua sawa, sawa, sawa, akainua kichwa kutazama ni nani mwingine aliyeingia mle. Hakuwa ameingia mtu. Hatua zikafika ukutani, zikageuka, zikarudi, sawa, sawa. Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Bi Gundi alivua miwani yake, akaipangusa, ingawa haikuwa chafu.

Pazia likafunguka. Dada alikuwa amesimama mrefu kuliko Kiungo alivyowahi kumwona, mabega yako usawa mmoja, uso umeduwaa kama wa mtu aliyeingia chumba cha nyumba yake mwenyewe ambacho hakujua kipo.

"Sakafu," alisema polepole, "iko bapa."

Akapiga hatua nyingine, kisha akakunja uso. "Lakini kinanibana hapa kwenye kifundo. Na vidole vimekosa nafasi."

"Vipimo vilikuja hivyo," Bi Gundi akasema.

Dada akamgeukia ndugu yake, kwa mara ya kwanza siku ile. "Ulivitoa wapi?"

"Kwenye kielelezo kile kile nilichokuwa nikipeleka kwa fundi."

"Kile nilikichora kabla sijaolewa." Alikaribia kutabasamu. "Mguu umezeeka, mdogo wangu. Matambara yanavumilia. Ngozi haivumilii."

Bi Gundi akamsogezea kibao chenye skrini. Kiliuliza swali moja, kama mteja ameridhika, na majibu mawili. Dada akabonyeza hapana. Njia hiyo ya kurudi Kiungo aliichora mwenyewe, lakini kuijaribu hakuwahi. Mafundi wa kompyuta wana ugonjwa huo, wanajaribu safari ya kwenda na kusahau ya kurudi. Skrini ikafikiri. Kisha kazi ikatoka miadi, ikairuka karakana, ikalipita ghala, ikarudi nyuma kabisa hadi mlango wa kwanza, ikatulia. Maandishi yakatokea: Inasubiri vipimo vipya.

Bi Gundi alikuwa na penseli sikioni na karatasi mezani, na hakugusa kimojawapo.

"Itasubiri mpaka lini?" dada akauliza.

"Mpaka utakapotaka," Kiungo alisema. "Hata mwaka. Hata miaka."

"Na nisipotaka?"

"Itasubiri tu, dada. Haitakusumbua, na haitakusahau."

Alikitazama kibao kile kwa muda mrefu, mtu ambaye maisha yake yote alikuwa ameharakishwa au ameachwa. Kisha akakaa, akafungua kamba moja baada ya nyingine, akavua kiatu, akavua soksi. Pazia lilikuwa wazi. Hakulivuta.

"Weka karatasi chini," akamwambia Bi Gundi.

Kiungo alisimama upesi atoke nje.

"Unakwenda wapi? Njoo hapa." Akasimama peku juu ya karatasi, mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi, akayumba, akalishika bega la ndugu yake kwa nguvu zake zote. Bi Gundi akapiga magoti, na penseli ikaanza kuuzunguka wayo polepole.

"Sijakusamehe," dada akasema.

"Najua."

"Basi simama vizuri, nisianguke."